Mtoto anayesumbua darasani: mwanasaikolojia wa shule anafanya kazi gani?

Mwalimu wa darasa la tano ana watoto themanini mbele yake. Mmoja anasinzia kila asubuhi. Mwingine anapiga wenzake. Wa tatu hajasema neno tangu familia yake ifike kutoka kijijini. Mwalimu afanye nini? Katika shule nyingi za Kivu na Ituri njia zinazojulikana ni tatu: kumpiga mtoto, kumwita mzazi, ao kumfukuza. Mzazi naye akiitwa anakuja na haya, anarudi nyumbani na hasira, na mtoto anapigwa mara ya pili. Wengine wanampeleka kwenye chumba cha maombi kuuliza ni roho gani iliyomwingia.

Kuna kazi iliyoanzishwa kwa ajili ya mtoto wa namna hiyo, nayo ni kazi ya mwanasaikolojia wa shule. Wapendwa wengi katika makanisa yetu wanadhani mtu huyo anatibu wazimu, ao kwamba amekuja kuchukua nafasi ya pasta. Tueleze basi anafanya nini hasa, familia inapata nini kwake, na shule ambayo haina mtu kama huyo inaweza kufanya nini. Jambo hili linatuhusu sana, kwa sababu tangu mkataba wa 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi za nchi yetu zinasimamiwa na makanisa yenyewe. Watoto hao themanini ni mzigo wetu.

Kazi ilianza na swali la mwalimu

Mwaka 1896, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, mwalimu mmoja alimletea Lightner Witmer, mwalimu wa chuo kikuu, mvulana aliyeshindwa kabisa kuandika maneno sawasawa, ingawa hakuwa mjinga. Witmer alimchunguza na kugundua kwamba macho yake yalikuwa na kasoro. Alisaidiwa kupata miwani, kisha akafundishwa kwa utaratibu mwingine. Mwaka huo Witmer alifungua kliniki ya kwanza ya saikolojia, na wengi wa wateja wake walikuwa watoto wa shule.

Mwaka 1905, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa jaribio lao huko Paris. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua ni watoto gani wanaohitaji kufundishwa kwa njia ya pekee. Binet mwenyewe alisisitiza kwamba akili ya mtoto si kitu kilichofungwa milele, inaweza kukua akifundishwa vizuri. Mbele ya hapo mtoto aliyeshindwa alihesabiwa kuwa mpumbavu ao mkaidi tu. Watu hao walianza kuuliza: anashindwa kwa sababu gani, na ni nini kinachoweza kubadilishwa ili aweze?

Swali hilo ndilo moyo wa kazi hii hata leo. Mwanasaikolojia wa shule haanzi kwa kuuliza mtoto ana ubaya gani. Anauliza ni nini kilichompata, na ni nini kinachomzunguka darasani na nyumbani.

Anavyofanya kazi, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano, ili jambo lieleweke. Tuseme ni msichana wa miaka 11, darasa la tano, katika mtaa mmoja wa Goma. Mwalimu amesema kwamba ni mvivu, analala darasani.

Kwanza, mwanasaikolojia anamwomba mwalimu aache hukumu na aeleze mambo aliyoyaona. Analala saa ngapi? Siku zote ao siku fulani? Tangu lini? Mwalimu anafikiri, kisha anajibu: kila siku, kabla ya saa tatu, na ilianza mwezi wa pili. Mwaka uliopita alikuwa na pointi nzuri. Neno "mvivu" tayari limeanza kupungua nguvu, kwa kuwa mvivu haanzi uvivu ghafla katika mwezi wa pili.

Pili, anaingia darasani na kukaa nyuma kimya. Anaona kwamba mlango ukigongwa kwa nguvu, msichana anainama haraka chini ya meza. Wakati wa mapumziko hachezi, anasimama karibu na ukuta. Mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kuyaona hayo yote, na si kosa lake.

Tatu, anaita familia. Anakuja koko, mama wa mama yake. Hapo inajulikana kwamba wanaishi kwa ndugu, watu tisa katika chumba kimoja. Msichana anaamka saa kumi ya usiku kwenda ziwani kuchota maji, bidoni ya lita 20, kisha anakwenda shule bila kula. Usiku anaota ndoto mbaya na kupiga kelele. Walitoka Masisi wakati wa mapigano. Mambo hayo yote koko aliyajua, lakini hakuna mtu wa shule aliyewahi kumwuliza.

Nne, wanapanga pamoja. Wajomba wawili vijana watachota maji kwa zamu. Msichana atakaa mbele, kando ya rafiki yake, mahali anapouona mlango. Mwalimu hatapiga fimbo juu ya meza. Koko atakaa naye kidogo mbele ya kulala, bila kumlazimisha kusimulia. Na tarehe inawekwa: nyuma ya majuma manne watakutana tena kuangalia kama kuna badiliko. Kama halipo, wanabadili mpango. Hawamgeuzii lawama mtoto.

Wakati mwingine inahitajika pia kumpima mtoto: kusoma, kuhesabu, kukumbuka. Hapa mwanasaikolojia mzuri anakuwa mwangalifu sana. Majaribio mengi yaliundwa kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Mtoto aliyetoka kijijini akijua Kinande, Mashi ao Kihunde tu, akiulizwa kwa Kifaransa atanyamaza, na kunyamaza kwake kutaandikwa kama upungufu wa akili. Ndiyo maana kwanza anazungumza na mtoto kwa lugha ya nyumbani, hata kama ni kwa msaada wa mkalimani.

Anaangalia pia mwili. Mtoto asiyesikia vizuri anaonekana mkaidi. Mtoto asiyeona ubao anaonekana mjinga. Kuna aina ya kifafa ambayo haimwangushi mtoto chini: anakodoa macho sekunde chache, hajibu, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu, na inaweza kurudi mara nyingi kwa siku moja. Mwalimu anaandika kwamba hasikilizi. Daktari akimwona, anaweza kumpa dawa, na wengi wanapata nafuu kubwa.

Hofu ya vita inavyoonekana kwa mtoto

Watoto wetu wa mashariki wamepitia mengi. Wale wa Goma waliuona moto wa Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021, na siku chache nyuma yake mji ukahamishwa. Mwezi wa kwanza 2025 walisikia mabomu katika mitaa yao wenyewe. Watoto wa Beni na wa Ituri wana usiku wao wanaoukumbuka.

Mwili wa mtu una kengele ya hatari. Ikilia, moyo unakwenda mbio, usingizi unakimbia, na akili inatafuta jambo moja tu: kuokoka. Ni kazi nzuri ambayo Mungu aliiweka ndani yetu. Shida ni kwamba kwa watoto wengine kengele hiyo inaendelea kulia hata hatari ikiisha. Mtoto ambaye kengele yake inalia hawezi kushika jedwali la kuzidisha.

Mtoto mdogo anaweza kurudi kukojoa kitandani ao kushikamana na mama kila saa. Mtoto wa shule ya msingi analalamika tumbo na kichwa, anasahau masomo, anacheza mchezo wa vita bila kuchoka. Kijana wa sekondari anakuwa mkali, anajitenga, anaanza kunywa ao anasema maisha hayana maana. Dalili hizo nyuma ya jambo la kutisha si ugonjwa moja kwa moja. Kwa watoto wengi zinapungua polepole wakipata usalama, chakula, usingizi na siku yenye utaratibu. Ndiyo sababu kufungua shule upesi nyuma ya mapigano ni msaada mkubwa wenyewe: kengele ya shule, wimbo wa asubuhi, daftari na marafiki vinamwambia mtoto kwamba maisha yanaendelea.

Lakini wako wanaohitaji zaidi. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi zenye vita, karibu mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili, dogo ao kubwa. Mtoto ambaye dalili zake zimepita mwezi mmoja, ao zinaongezeka, ao zinamzuia kula na kusoma, asiachwe peke yake.

Jambo moja linakosewa mara nyingi, hata na watu wenye nia njema: kumlazimisha mtoto asimulie yote aliyoyaona. Mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia, uliotolewa 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine, unafundisha mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama mtu yuko salama na ana mahitaji ya haraka. Sikiliza bila kumsukuma kusema. Mwunganishe na familia na huduma anazohitaji.

Msomaji wa Biblia hatashangaa. Elia, alipokimbia na kuomba afe, alilala chini ya mti jangwani. Malaika hakuja na mahubiri. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Safari ndefu ya kwenda Horebu ilifuata, na huko ndiko Mungu alikomwuliza habari zake na kumsikiliza.

Familia inapata nini

Wazazi wengi wakiitwa shuleni wanajua kwamba wanakwenda kuhukumiwa. Mwanasaikolojia anajaribu kuondoa hofu hiyo tangu salamu. Anamheshimu mama kama mtu anayemjua mtoto kuliko mtu yeyote. Anaanza kwa kusema jambo zuri aliloliona kwa mtoto, kisha anaeleza shida kwa maneno ya kawaida, bila majina ya magonjwa yanayotisha.

Anawasaidia wazazi pia kuelewa hasira ya mtoto bila kuiruhusu. Kumwelewa mtoto anayepiga wenzake si kumwacha apige. Anahitaji kujua mpaka, na matokeo yanayolingana na kosa: kuomba radhi, kutengeneza alichoharibu, kukosa mchezo siku moja. Fimbo inamfundisha mtoto aliyeona ukali mwingi kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na hilo tayari alifundishwa na vita.

Mara nyingine shida si ya mtoto. Baba amepoteza kazi na nyumba haina amani. Mama mjane halali usiku. Mtoto anabeba uzito huo shuleni. Hapo mwanasaikolojia anaielekeza familia kwa wengine: kikundi cha wamama, wadiakoni, kituo cha afya. Yeye hana pesa ya kugawa, lakini anajua milango ya kugonga.

Siri ya mtoto

Mwanasaikolojia amefungwa na siri ya kazi. Anayoyasikia hayasemi kwa walimu wote, wala kwa majirani, wala kwa pasta, bila ruhusa. Anamwambia mtoto tangu mwanzo kwamba kuna mambo ambayo hawezi kuyaficha: kama mtoto anataka kujiua, kama mtu anamtendea mabaya, ao kama anataka kumdhuru mwingine. Hapo atatafuta msaada, na atamwambia mtoto ni nani atakayejulishwa.

Kanisani hapa tuna jambo la kujichunguza. Tumezoea kutoa maombi ya wazi: tuombee binti wa mama fulani, ametendewa jambo baya. Nia ni nzuri, lakini siku ya Mungu inapoisha mtaa wote unajua, na binti hataki tena kurudi shule wala kanisani. Maombi yanaweza kufanywa bila jina na bila habari. Mungu anamjua.

Kwa mtoto aliyebakwa, wakati ni jambo la kwanza. Afike hospitali kabla ya masaa 72 kupita, kwa sababu dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi zinapaswa kuanza katika muda huo. Hata kama masaa hayo yamepita, apelekwe, kwa kuwa kuna matunzo mengine. Familia isipoteze siku katika mapatano na familia ya mtenda kosa. Huko Bukavu, hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa 1999 na daktari Denis Mukwege, inajulikana kwa kuunganisha matunzo ya mwili, ya moyo na ya sheria.

Mtoto akiitwa mchawi

Mtoto anayeota usiku, anayekojoa kitandani, anayeanguka kifafa, ao yatima aliyefika nyumbani mwaka ambao msiba uliingia, ndiye anayeshtakiwa uchawi kwa upesi. Dalili tulizozitaja juu ya hofu ya vita zinageuzwa kuwa ushahidi. Wengine wanafungishwa chakula siku nyingi, wanapigwa, wanafukuzwa na kuishia barabarani.

Katiba ya nchi yetu ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu mwenye kumshtaki kwa kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, pamoja na faini. Haimwondoi pasta wala nabii. Mwanasaikolojia wa shule anaweza kuwa mtu wa kwanza kusema kwa familia: "Ndoto hizi zina sababu, tuitafute pamoja." Mchungaji akisema maneno hayo hayo mimbarini, yatafika katika nyumba ambazo mwanasaikolojia hataingia.

Mipaka ya kazi yake

Mwanasaikolojia wa shule haandiki dawa; hiyo ni kazi ya daktari. Haamui nani afukuzwe. Mtoto anayesikia sauti, asiyekula kabisa, anayejidhuru ao anayesema anataka kufa, anampeleka kwa wataalamu, kwa mfano Tulizo Letu huko Goma ao Sosame huko Bukavu, vituo vya afya ya akili vinavyoongozwa na Mabradha wa Upendo wa Kanisa Katoliki. Tusiogope pia kumwuliza kijana waziwazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimpandii wazo jipya. Wengi wanapumua kwa kuwa mwishowe mtu ameuliza.

Na maombi? Hayakatazwi. Familia inayoomba pamoja jioni inampa mtoto utulivu na watu wa kumzunguka. Kinachoumiza ni kuyatumia maombi kama sababu ya kutokwenda hospitali, ao kusimamisha dawa za kifafa kwa kuwa mtu ametabiri uponyaji. Dawa hizo zikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kuua.

Shule ambayo haina mwanasaikolojia

Shule zetu nyingi ziko hivyo, na tangu masomo ya msingi yawe bure mwaka 2019 madarasa yamejaa zaidi. Lakini kuna mambo ambayo mkuu wa shule, prefe, komite ya wazazi na kanisa wanaweza kuanza mwezi huu.

Wachague watu wawili wa kusikiliza, mwanamume na mwanamke, ambao watoto wenyewe wanawaamini. Wafundishwe msaada wa kwanza wa kisaikolojia. Wapewe mahali pa kuongea panapoonekana na wengine lakini pasiposikika, ili mtoto alindwe na mtu mzima asishukiwe.

Mwalimu awe na daftari ndogo ya kuandika mambo anayoyaona, na tarehe, bila majina ya matusi. Kabla mtoto hajafukuzwa, familia iitwe mara moja kwa ajili ya kuuliza tu, si kwa kushtaki. Ofisini pabandikwe karatasi yenye namba za kituo cha afya, hospitali, polisi wa ulinzi wa watoto na mhudumu wa jamii wa karibu.

Mwishowe, kuna vijana katika makusanyiko yetu waliosoma saikolojia ao ushauri wa shule katika vyuo vya ualimu na vyuo vikuu vyetu, na wengi wanauza duka ao wanakaa bila kazi. Shule tano za eneo moja zinaweza kumlipa mmoja wao kwa pamoja, kila shule ikimpata siku moja kwa juma. Komite za wazazi zijadili jambo hilo mbele ya mwaka wa masomo kuanza, wakati bajeti inapopangwa. Na mwalimu ambaye kesho asubuhi atamwona tena mtoto anayesinzia anaweza kuanza bila bajeti, kwa kumwuliza kando, kwa sauti ya chini, aliamka saa ngapi.